Sahani Alizozikataa Uwamahoro

“Mara ya tatu, Mama Rukundo! Si moja, si mbili. Mara ya tatu mutoto wako anakatala sahani yangu!”

“Alikuambia iko na njaa?”

“Njaa? Nani alimuuliza njaa? Kwa mukwe hatukule juu ya njaa. Tunakula juu ya heshima!”

Uzio wa matete unaotenganisha parsele zao mbili, viwanja vya nyumba katika mtaa wa Songo, ulikuwa ukitikisika kama mbuzi amenasa ndani yake. Upande huu alisimama Nyirabahizi, mama wa Rukundo, mikono kiunoni, kitambaa cha kichwa kimelegea kwa hasira. Upande wa pili alikuwa Bernardine, ambaye mtaa mzima humwita Mama Pontien, mwiko bado mkononi. Hakuna aliyemwona mwenzake vizuri, kwa maana matete yalikuwa marefu, lakini ugomvi wa majirani hauhitaji macho. Wapita njia walipunguza mwendo. Mwanamke mmoja muuza nyanya alitua beseni lake na kukalia jiwe kabisa.

Nyuma ya Nyirabahizi, chini ya bati la baraza, mpwa wake Uwamahoro alikuwa akisuka nywele za mteja. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, moyo ulikuwa kwenye uzio.

“Dada,” mteja akamnong’oneza, kichwa nusu kimesukwa, nusu kichaka, “usikaze hivyo. Si minye nilikuudhi.”

“Jana nilikuwa na wageni!” Mama Pontien aliendelea. “Shemeji yangu ametoka Katogota, ametembea na jua, aje aone mukwe. Nikapika mukeke. Nikapika fufu, nikapika lenga-lenga. Nikaonja mbele ya macho yake! Nikaonja samaki, nikaonja mboga, ata maji nikakunywa mbele. Mutoto wako akaniangalia na macho mekundu, akaziba mudomo na kikwembe, akatoka mbio. Mbio, Mama Rukundo! Kama aliona nyoka mu sahani!”

“Yoo!” akasema muuza nyanya.

Pande zile za ziwa, mwenye nyumba akionja chakula mbele ya mgeni amemwambia: kula kwa amani, mkono wangu ni safi. Na mgeni akikataa chakula kilichokwisha kuonjwa, amesema neno ambalo mdomo hauthubutu kulitamka. Kila aliyekuwa barabarani alilielewa neno hilo. Mama Pontien akalitamka mwenyewe.

“Sema basi. Sema minye iko muntu wa sumu. Sema, Songo yote isikie.”

Nyirabahizi hakuwahi kukosa jibu tangu azaliwe. Siku ile alilokuwa nalo alilimeza, akatafuta jingine.

“Mutoto alisikia tumbo mubaya.”

“Tumbo ya mara tatu?”

“Yampaye inka!” Nyirabahizi akaapa kwa ng’ombe, kwa lugha ya kwao. “Tumbo ni yake ao ni yako?”

Sauti ya Mama Pontien ikaja tena, safari hii chini, na ndipo Uwamahoro alipoogopa kweli.

“Sikia, jirani. Jumamosi bazee hawatakuja. Shemeji amesema, na minye nimeitika. Hatuwezi kupeleka posa kwa batu banatuogopa. Niko na mutoto mumoja tu. Siwezi kumupa bibi wa kumufundisha kukatala chakula ya mama yake.”

Mwiko ukagonga ukingo wa sufuria, mlango ukafungwa. Kitana kikamtoka Uwamahoro mkononi.

* * *

Ukweli ulikuwa na miguu minne na mkia.

Aliitwa Duanie, paka jike mweupe mwenye baka jeusi jichoni, na jina hilo la afisa wa forodha alipewa kwa kuwa hapakuwa na kitu kilichoingia depo ya Mama Pontien bila yeye kukikagua. Magunia ya ndagala kavu, dagaa wa ziwani aliowauza, yalijaa mle hadi darini. Tangu Duanie afike, panya wa Songo walihamia mitaa mingine. Kwa hiyo alilipwa vizuri: alilala kwenye kiti kikubwa cha saloni, chumba cha wageni, kile kile alichokalishwa mkwe kila alipokuja.

Uwamahoro hakuwachukia paka. Laiti angewachukia, mambo yangekuwa mepesi! Alipokuwa mdogo, kule juu mlimani kwa bibi yake, alilala usiku mzima na kitoto cha paka kifuani, akaamka macho yamevimba na kufumba kama yeye ndiye kitoto cha paka. Tangu hapo akawa anawatazama paka kama mtu anavyotazama mume wa mwenzake, kwa mbali na kwa kuiba. Akiwakaribia, pua inatiririka, macho yanawaka, kifua kinapiga mluzi.

Na mluzi huo ndio uliomtisha shangazi yake. Familia moja kutoka Mutarule ilikuwa imeanza kumwulizia Uwamahoro, ikamsikia akihema siku moja, ikaaga kwa adabu, haikurudi.

“Ukisema kifua, bataelewa kifua kikuu,” Nyirabahizi alimwonya alipoanza kutembelewa na Pontien. “Ukisema paka, batasema uko na pepo, paka iliiona. Nyamaza. Olewa kwanza. Paka tutaishugulikia nyuma.”

Akanyamaza. Akanyamaza mbele ya ugali wa muhogo, mbele ya sombe, na jana mbele ya mukeke ambao harufu yake mpaka leo ilikuwa ikimtesa, maana mukeke ule ulipikwa na mtu anayejua kupika.

Alimmalizia mteja nywele, akanawa, akabadili kikwembe, akashuka kuelekea ziwani.

* * *

Pontien alikuwa anatengeneza moteri za mitumbwi ufukweni, na mtu aliyemtafuta alifuata tu sauti ya nyundo. Jua lilikuwa bado juu ya milima. Ng’ambo, Bujumbura ilionekana nyeupe-nyeupe kama chumvi iliyomwagika. Wavuvi walikuwa wakipanga taa zao, wakitaniana.

“Pontien.”

Hakuinua kichwa.

“Uko na hasira?”

“Minye? Hapana. Moteri njo iko na hasira. Angalia vile inakatala.”

“Na weye?”

“Minye niko na maumivu. Ile ni kitu ingine.” Akaweka spana chini. “Maho, niambie kitu kimoja. Mama alikukosea nini? Kama kuna batu balikuambia maneno juu yake, sema. Uyu muji unasema mingi. Lakini yule mama alinilea na ndagala, kikombe kwa kikombe. Hajamuwekea muntu kitu mubaya.”

“Najua.”

“Unajua, na unakimbia?”

Pontien aliinuka, akamsogelea. Pontien alikuwa na macho ya mtu asiyejua kuficha: akifurahi yanaangaza, akiumia yanakuwa kama ya mtoto aliyefungiwa nje. Uwamahoro alitaka kuushika ule uso. Alinyoosha mkono, akavuta pumzi ili aseme, na badala ya neno ikatoka chafya. Ikaja ya pili. Ikaja safu nzima, mpaka akajishikilia kwenye ukingo wa mtumbwi.

“Tena!” Pontien akarudi nyuma. “Kila nikikukaribia! Nilisema ni petroli, nikajiosha na savoni ya harufu. Nikasema ni savoni, nikajipaka marashi ya Bujumbura. Sasa niseme ni nini? Ni minye?”

“Ni Duanie.”

“Duanie...” Akakunja uso. “Paka?”

“Paka. Analala juu ya nguo zako, angalia.”

Pontien akatazama shati lake. Nywele fupi nyeupe zilikuwa zimejipanga kifuani kama zimealikwa. Na Uwamahoro, akipangusa macho, akamweleza yote: kiti cha saloni, kifua, watu wa Mutarule, shangazi. Alieleza haraka, akiangalia maji, akingoja kusikia zile hatua za adabu za mtu anayeondoka.

Alichosikia ni kicheko. Pontien alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akicheka mpaka wavuvi wakageuka.

“Unacheka nini?”

“Kila usiku nalala nawaza kuna mwanaume mwingine. Kumbe ni paka!”

“Na si ata dume,” akasema Uwamahoro, na yeye akacheka, na kucheka kukachanganyika na machozi ambayo safari hii hayakuwa ya alerji.

“Na bale ba Mutarule,” Pontien akasema, “nitabatumia mukungu wa ndizi.”

“Ya nini?”

“Ya kusema aksanti. Bangekaa, ningekupata wapi?”

Akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa na oili, wa Uwamahoro ulikuwa na mafuta ya nywele. Walishikana kwa shida na hawakuachiana.

“Leo hii nakwenda kuitia mu gunia,” akasema. “Naivusha muto Ruzizi. Ikakague mipaka ya batu bengine.”

“Weye! Ivushe, kisha panya bakule ndagala yote, na mama yako aseme bibi ya mutoto wake alianza kufukuza batu mbele ya kufika. Hapana. Na tena...”

“Na tena nini?”

“Naipenda.”

Pontien akamtazama kana kwamba amesema anapenda mamba.

“Unapenda kitu inakuua?”

“Hainiue. Inanivimbisha. Leo asubuhi nilikwenda kwa muganga wa ispitali, akanipa dawa: unameza mbele. Hapana kulala na paka, hapana kumukumbatia. Kunawa mikono, kufagia na kitambaa ya maji, viti visiwe vyake. Minye na paka tunaweza kuwa majirani, Ponti. Ni kitanda kimoja njo hatuwezi.”

“Kitanda kimoja,” akasema Pontien polepole, akimtazama mpaka Uwamahoro akainamisha uso, “kiko na mwenyewe tayari.”

Mawimbi yakagonga mtumbwi. Mvuvi mmoja akapiga mbinja.

“Siku moja nataka tuwe na paka yetu,” Uwamahoro akasema. “Yeye na mulango yake, sisi na mulango yetu.”

“Basi kesho nitamuambia mama.”

“Ukimuambia weye, atasema mapenzi yamekufundisha uongo. Nitasema minye.”

“Na shangazi?”

Uwamahoro akageukia maji. Nyirabahizi ndiye aliyemlea, ndiye aliyemnunulia kitana cha kwanza. Hakuwahi kumpinga kwa jambo kubwa.

“Shangazi ananipenda,” akasema mwishoni. “Lakini chakula nilichokatala ni minye nilikatala.”

* * *

Asubuhi, Nyirabahizi alipokwenda kuuza maziwa, Uwamahoro alizunguka kwa barabara akaingia kwa lango la jirani. Mama Pontien alikuwa ameketi mkekani, akichambua ndagala juani. Duanie alilala juu ya gunia, tumbo juu, kama mtu aliyelipwa mshahara. Pontien alisimama mlangoni akijifanya anatafuta kitu.

“Unatafuta Pontien? Yule pale.”

“Nakutafuta weye, Mama.”

“Minye? Muntu wa sumu?”

Uwamahoro akapiga magoti kwenye mchanga. “Mama, mukono yako ni safi. Chakula yako ninaiota. Ni paka.”

“Paka gani?”

“Uyu. Nikikaa fasi analala, macho inawaka, kifua inafunga. Nilikuwa natoka mbio juu ya kupumua.”

Mama Pontien akaacha ndagala, akamtazama juu mpaka chini. Akamtazama Duanie. Akarudi kwa Uwamahoro.

“Mutoto, kwetu Katogota nilikomaa na paka. Tulikula nayo, tulilala nayo. Muntu anakufa na mamba, anakufa na radi. Na paka? Shangazi yako njo alikufundisha hiyo?”

“Shangazi alinifundisha kunyamaza.”

“Bora ungemusikiliza. Hiyo uongo haina ata chumvi.”

Uwamahoro alihisi mlango unafungwa tena, na safari hii yeye akiwa karibu zaidi kuliko jana. Akainuka, akaenda kwenye gunia, akamnyanyua Duanie kwa mikono miwili, akamweka shavuni.

“Maho!” Pontien akaruka ngazi.

“Muache,” akasema mama yake, midomo imebinuka. “Tuone hiyo sinema.”

Duanie alikuwa na joto la mkate. Aliguruma shavuni pake, akaweka kiganja laini cha mkono wake shingoni, na kwa kitambo kidogo Uwamahoro alisahau alichokuja kufanya. Alikuwa tena kule mlimani kwa bibi yake. Aliipenda ile ngurumo. Alijua bei yake, na bado aliipenda.

Kisha ikaanza. Shavu likafanya mabonge, moja baada ya jingine, kama mvua inavyoanza kwenye vumbi. Macho yakawa mekundu, yakajaa, kope zikavimba. Chafya zikaja mfululizo. Na kifuani, mluzi mwembamba ambao watu wa Mutarule waliusikia, sasa ukasikika wazi kwenye uwanja wa Mama Pontien.

Midomo iliyobinuka ikanyooka. Mama Pontien akasimama, ndagala zikamwagika kutoka mapajani.

“Weka chini! Weka chini hiyo munyama! Utakufa mu parsele yangu, batasema tena ni sumu!”

Alimnyang’anya paka, akamtupia Pontien, akamkokota Uwamahoro mpaka kwenye pipa la maji. Hakumwachia anawe mwenyewe. Alimwosha yeye, shavu, shingo, mikono hadi viwiko, kwa sabuni na kwa makofi madogo ya hasira, kama mama anavyomwosha mtoto aliyecheza matopeni. Uwamahoro akafungua fundo la kikwembe, akatoa kidonge, akameza. Wakangoja. Mluzi ukapungua polepole, kama mtu anayeondoka akipiga mbinja barabarani.

“Kwa nini hukusema?” Mama Pontien akauliza. Mkono wake ulikuwa bado mgongoni kwa Uwamahoro, unakwenda juu na chini.

“Niliogopa useme mukwe ni mugonjwa.”

“Mugonjwa! Na nani ni muzima? Minye magoti, Pontien uvivu, shangazi yako mudomo. Kila muntu iko na yake.” Akamwinua kidevu. “Kumbe haya macho yalikuwa yanalia paka. Minye nikasema yananiona mulozi.”

“Unisamehe, Mama.”

“Tusameheane. Minye nilikupigia kelele Songo yote.” Akajifunga kikwembe upya kiunoni, kwa nguvu, na Pontien aliyemjua akaanza kutabasamu. “Basi Songo yote itasikia tena.”

Mwanamke yule hakujua kufanya jambo kidogo. Kwanza alimpigia simu shemeji yake, akisema kwa sauti iliyofika Katogota bila simu: “Jumamosi mukuje! Hapana, si sumu, ni paka! Pa-ka!” Kisha mapazia yakashuka. Viti vikatoka nje, vikapigwa fimbo mpaka vumbi likafanya wingu. Saloni ikamwagiwa maji, ikasuguliwa kila pembe, na kila mpita njia aliyesimama kuuliza kama kuna msiba alipewa habari nzima, kutoka sahani ya kwanza. Muuza nyanya alitua beseni lake tena. Pontien akakata tundu chini ya mlango wa depo, kiasi cha kupita Duanie, akamtandikia gunia jipya kati ya ndagala. Duanie aliingia, akakagua, akakubali.

“Unaona?” Pontien akamwambia Uwamahoro, msumeno mkononi. “Yeye na mulango yake.”

Uwamahoro alikatazwa kushika ufagio. Aliwekwa mbali, upande unakotoka upepo, akapewa mboga achambue. Macho yalikuwa bado mazito, shavu moja kubwa kuliko jingine, na kwa maisha yake hakukumbuka siku aliyokuwa mbaya wa sura hivi na kutazamwa hivi. Kila Pontien alipoinua kichwa, alimtazama yeye. Alipoinamisha, alitabasamu peke yake.

Mchana, harufu ya mukeke ilipoanza kupanda, lango likalia.

Nyirabahizi alikuwa amesimama barabarani. Hakuingia, hakuondoka. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa amepewa habari za mtoto wake na watu ambao hakuwauliza.

“Nimesikia,” akasema, “kifua ya mutoto wangu inatangazwa.”

“Nimetangaza paka,” Mama Pontien akajibu kutoka mlangoni. “Kifua hakuna muntu aliniuliza.”

“Bale ba Mutarule...”

“Minye si muntu wa Mutarule.”

Uwamahoro alishaondoka kwenye kigoda. Shangazi yake alimwangalia ule uso uliovimba, akaangalia viti vilivyotandazwa uani, mapazia kwenye kamba, saloni iliyokuwa ikikauka milango wazi.

“Jana uliniacha nipige kelele kama mwehu,” Mama Pontien akasema, “na jibu ulikuwa nayo.”

“Nilikuwa nayo.” Nyirabahizi aliliangalia lango. “Niliogopa batamuacha tena. Yeye alilia siku mingi ile mara ya kwanza, Mama Pontien. Usiku, akifikiri nimelala.”

Uwamahoro hakujua kwamba shangazi alijua.

Mama Pontien akapangusa mikono, akavuka uwanja kwa magoti yake mabovu mpaka langoni. Hapo alimwita mwenzake jina ambalo hakuwahi kumwita juu ya uzio ule, jina ambalo wazazi huitana wakishaozeshana watoto.

“Bamwana,” akasema, akifungua lango lote, “mukeke unapoa. Ingia tule.”